Taa ya injini ya IST 2003 haizimi: sensa nimebadilisha, plagi nimebadilisha, namba ile ile

Tibirinzi_IST

Assalamu alaykum wadau. Nna IST ya 2003, injini 1NZ, imetembea kilomita 168,000. Taa ya njano ya injini inawaka mwezi wa pili huu. Gerejini ilichomekwa mashine nikaambiwa kosa namba P0171, basi sensa ya oksijeni imekufa. Nikanunua ya mtumba, ikafungwa, betri ikavuliwa, taa ikazima siku tatu kisha ikarudi. Wakasema plagi. Nimeweka mpya zote nne, betri ikavuliwa tena, taa ikazima siku mbili, ikarudi. Sasa naambiwa nitafute kompyuta nyengine ya gari.

Hali yake ni hii: asubuhi inawaka kwa kusuasua. Sailensi (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka baina ya mizunguko 600 na 900 kwa dakika. Ikishika mwendo haina neno, nguvu ipo. Mafuta inakula kuliko zamani. Haichemshi kabisa, mshale wa joto unabaki chini hata nikitoka Chake mpaka Wete, hapa Pemba. Nilinunua na adapta ya bluetooth ya kusomea kwa simu, inakataa kuungana na gari. Nianzie wapi kabla sijanunua kitu chengine?

Kijana_wa_Fuoni

Fungua dashibodi toa balbu, ulale usingizi. Nusu ya gari za Unguja zinatembea na taa hiyo.

MzeeWaSpana

Kijana, hilo la balbu usimpe mtu. Taa ikiwaka tuli, kompyuta imeona kitu hakikai sawa, unaweza kuendelea kuendesha huku unatafuta. Ikiwa inapepesa ukiwa njiani, silinda inamisi (haichomi petroli yake) na petroli mbichi inaingia kwenye masega ya egzosi, yale ya kusafisha moshi, inayapika. Hapo unaondoa mguu na kusimama. Aliyetoa balbu hatoiona siku hiyo.

Tibirinzi, kompyuta usinunue. Kompyuta za injini hizi hufa mara chache sana, na kama ufunguo wako una chipu, ukiweka ya gari nyengine haitowaka mpaka isajiliwe. Utakuwa umeongeza tatizo la pili.

Sasa hiyo P0171. Haisemi kwamba sensa ya oksijeni ni mbovu. Maana yake ni kuwa sensa imeripoti moshi una hewa nyingi, kompyuta ikaongeza mafuta, ikaongeza tena, ikafika ukomo wake, na bado sensa inasema hewa ni nyingi. Sensa ni mjumbe tu, na gerejini wamemfukuza mjumbe. Yanayoleta hali hiyo si mengi. Kuna hewa ya wizi, inayoingia kwenye injini bila kupita kwenye sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia. Kuna MAF yenyewe kuwa chafu, ikahesabu hewa pungufu. Kuna mafuta kufika machache, iwe pampu, filta au nozeli. Na kuna tundu kwenye egzosi kabla ya sensa ya oksijeni, ambalo linavuta hewa ya nje na kuidanganya. Plagi au koili ikimisi kwa kawaida hujitaja yenyewe: P0301 silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea.

Na ile taa kuzima siku tatu isikudanganye kwamba sensa ilisaidia kidogo. Ukivua betri unafuta kumbukumbu. Kompyuta inaanza kujifunza upya, na kosa hili inataka ilione katika safari mbili mfululizo ndipo iwashe taa. Hata ungefunga kijiko badala ya sensa, taa ingezima siku hizo hizo.

bint_umeme

Adapta yako pengine ni nzima. IST iliyotengenezwa kwa soko la Japani ina soketi ya matundu 16 sawa na za Ulaya na Marekani, lakini kompyuta yake haiitiki kwa mpangilio ambao programu nyingi za simu zinautegemea. Baadhi ya programu zina pahala pa kuchagua Toyota ya Japani, huandikwa JOBD. Jaribu hapo kwanza. Zile adapta za bei ya chini kabisa hukwama hata hapo.

Ila namba unaweza kuzisoma bila mashine, kwa kipande cha waya. Soketi iko chini ya usukani. Itazame upande mpana ukiwa juu. Safu ya juu inahesabiwa 1 hadi 8 kuanzia kushoto, safu ya chini 9 hadi 16. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu namba 4 (la nne safu ya juu) na namba 13 (la tano safu ya chini). Chunga sana namba 16, la mwisho kulia chini: lina umeme wa betri muda wote, ukiligusisha na 4 unachoma fyuzi.

Ukishaunganisha, washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ya ABS na ya airbag zinaweza kupepesa pia, usishtuke, kila moja inasoma habari zake. Kama hakuna kosa, taa inapepesa mfululizo, mara mbili kwa sekunde, haipumziki. Kama lipo, hesabu ya kwanza ni makumi, inatulia sekunde moja na nusu, hesabu ya pili ni mamoja. Baina ya kosa na kosa inatulia sekunde mbili na nusu, na mzunguko ukimalizika sekunde nne na nusu, halafu inaanza upya. Zinatoka kuanzia namba ndogo. Chukua video kwa simu uhesabu ukiwa umekaa, kwa jicho watu hukosea.

Zitakazokuhusu: 21 sensa ya oksijeni, 22 sensa ya joto la maji, 24 joto la hewa, 25 mchanganyiko mwepesi (ndiyo hiyo P0171), 31 MAF, 41 sensa ya trotobodi (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), 42 spidi. Soma kabla hujavua betri tena. Kila ikivuliwa unafuta ushahidi.

Tibirinzi_IST

Shukran dada. Nimefanya, video ninayo. Inapepesa mbili, inatulia, moja. Kisha mbili, inatulia, tano. Inarudia hivyo hivyo. Yaani 21 na 25. Gerejini sikutajiwa ila P0171 tu. Hii 21 imetoka wapi?

bint_umeme

Huenda umeinunua. Kama mara ya kwanza mashine ilitoa kosa moja, na la pili limekuja baada ya kufunga sensa ya mtumba, basi sensa ndiyo ya kutiliwa shaka. 21 inajumuisha na hita iliyo ndani yake. Sensa haifanyi kazi mpaka ipate moto mkali, na hita ndiyo inayoipa moto haraka injini ikiwa baridi au ikiwa sailensi.

Kupima ni dakika tano. Chomoa soketi ya sensa injini ikiwa imepoa. Weka multimita kwenye omu, kipimo cha 200. Kwenye sensa ya waya nne, mbili za rangi moja ndizo za hita. Zikiwa Denso mara nyingi ni nyeusi mbili, zikiwa NGK ni nyeupe mbili. Gusisha hizo mbili, upande wa sensa, si upande wa gari. Kwa 1NZ inatakiwa isome omu 11 hadi 16 kwa joto la nyuzi 20. Kwa joto letu itapanda kidogo tu. Kabla ya hapo gusanisha ncha za multimita zenyewe uone zinasoma ngapi, utoe hiyo, maana multimita za bei rahisi huongeza nusu omu hivi. Ikionyesha 1 peke yake upande wa kushoto, waya wa hita umekatika ndani, na sensa hiyo haina dawa.

Ile ya zamani bado unayo? Usiitupe. Ipime vilevile.

MzeeWaSpana

Bint amesema sawa, lakini 25 ilikuwapo kabla ya sensa ya mtumba, kwa hiyo una makosa mawili na moja umeliongeza mwenyewe. Turudi kwenye 25.

Tafuta mtu mwenye mashine inayozungumza na Toyota za Japani, na usimwambie akusomee kosa. Mwambie unataka kuona data injini ikiwa inafanya kazi. Endesha kwanza robo saa. Kisha andika kwenye karatasi: joto la maji, gramu za hewa za MAF, na zile asilimia mbili za kusahihisha mafuta, ambazo skrini huandika STFT na LTFT. Ya kwanza ni ya papo kwa papo, ya pili ni ile kompyuta iliyojizoesha. Uzisome mara mbili: sailensi AC ikiwa imezimwa, halafu injini ikishikiliwa kwenye mizunguko 2500 kwa nusu dakika.

Angalizo moja: hita ikiwa imekufa, sensa inapoa gari ikikaa sailensi muda mrefu, na kompyuta inaacha kuisikiliza. Asilimia utakazoona hapo hazina maana. Soma mara tu unaposimama.

Baharia_Mkoani

Mie ningeanza na vitu vya bure kwanza, kabla ya kumlipa mtu wa mashine. Gari za visiwani zinaliwa na chumvi, wala si lazima ukae pwani.

Waya za hasi. Ipo inayotoka betri kwenda bodi na ipo inayokwenda injini. Kwa macho ni nzima, ndani ya kichwa cha waya ni unga wa kijani. Usizitazame, zipime. Injini ikiwa inafanya kazi, taa kubwa zimewashwa na feni ya ndani iko mwisho, weka multimita kwenye volti za DC. Ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri chenyewe, nyengine kwenye chuma kitupu cha injini. Isizidi 0.2. Ukikuta 0.4 au 0.5, sensa zote zinapima kutoka kwenye ardhi isiyotulia na utapata namba za ajabu ajabu. Fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'are, funga, halafu pakaza vasilini kwa juu. Baada ya kufunga, si kabla.

Soketi za sensa nazo: chomoa, tazama pini kama zina ukungu wa kijani, puliza dawa ya kusafishia umeme, ziache zikauke. Isipokuwa soketi ya sensa ya oksijeni, usiipake grisi wala vasilini hata kidogo. Sensa ile inavuta hewa safi ya kulinganishia kupitia kwenye waya zake, ukiziba umeipumbaza.

Egzosi pia. Kutu inaanza kwenye flanji na kwenye lile bomba la kunyumbuka. Asubuhi injini ikiwa baridi, mtu azibe mwisho wa egzosi kwa tambara nene kwa sekunde chache, wewe sikiliza mbele. Ukisikia tsk tsk tsk, au ukiona alama nyeusi ya masizi kwenye kiungo kabla ya sensa, hapo pana tundu.

Mwisho MAF. Kwa vumbi la barabara za kifusi huwa chafu. Skrubu mbili, inatoka. Puliza dawa ya kusafishia MAF mara kumi hivi kwenye nyuzi zake, usiziguse kwa kidole wala pamba, usitumie hewa ya kompresa. Iache dakika kumi na tano. Dawa ya kabureta iache dukani, inaacha mabaki na inaharibu plastiki.

Tibirinzi_IST

Nimefanya ya Baharia yote. Hasi ya injini ilisoma 0.31, baada ya msasa imeshuka 0.06. Egzosi haina sauti. MAF nimesafisha. Taa ipo pale pale.

Jana nikapata mtu mwenye mashine nzuri. Nimekwenda Gombani na kurudi mara mbili ndipo tukasoma:

Sailensi: MAF gramu 1.2 kwa sekunde, STFT +9, LTFT +23.
2500: STFT +1, LTFT +6.
Joto la maji: 67, halikupanda zaidi ya hapo.

MzeeWaSpana

Karatasi hii ni bora kuliko vyote ulivyonunua.

Sailensi jumla ni +32, kompyuta inamwaga mafuta karibu theluthi moja zaidi ya hesabu yake. 2500 jumla ni +7, jambo la kawaida kwa gari ya umri huu. Tundu la hewa halikui injini ikikazwa. Sailensi injini inavuta hewa kidogo na trotobodi imefungwa, kwa hiyo mvuto ndani ya manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) ni mkali na kile kinachoibiwa ni fungu kubwa. Ukikanyaga, hewa halali inaingia kwa wingi na ya wizi haionekani tena. Ingekuwa pampu au filta ya mafuta, au MAF chafu, asilimia ingepanda kadiri unavyokanyaga. Hapa ni kinyume chake. Pampu iache.

Tazama na MAF yenyewe: 1.2. Injini ya lita 1.5 ikiwa na moto, AC imezimwa, inasoma baina ya 1.5 na 2.5. Hewa inayokosekana kwenye hesabu inaingia kwa mlango mwengine.

Milango ya kutazama ni hii. Bomba la mpira lenye mikunjo baina ya boksi la filta na trotobodi: lisitazamwe kwa juu, livue, likunje, mpasuko hukaa chini kwenye bonde la mkunjo. Mpira wa PCV, unaopitisha hewa chafu ya ndani ya injini kutoka kwenye kifuniko cha vali kwenda manifodi. Mpira wa buusta ya breki. Mipira midogo ya mvuke wa petroli na vali yake. Oringi za nozeli. Gasketi ya manifodi ya hewa. Na usidharau kijiti cha oili na kifuniko cha kujazia oili, kwa injini yenye MAF vikikaa legelege hewa inapita humo.

Namna ya kutafuta. Watu hupuliza petroli au dawa ya kabureta juu ya injini inayofanya kazi, wasikilize inapobadilika. Inafanya kazi, na gari zimeungua kwa mtindo huo huo. Tumia hewa na sabuni. Injini imezimwa na imepoa. Vua bomba kwenye boksi la filta, liache limefungwa upande wa trotobodi, kisha ziba mdomo wake kwa mfuko mzito na klipu, katikati yake upitishe mpira mwembamba wa pampu ya mguu. Pampu taratibu, psi 2 mpaka 3, usizidishe, hutaki kung'oa sili za injini. Mwenzako apulize maji ya sabuni kwa chupa ya dawa ya mbu kwenye kila kiungo. Penye mpasuko patatoa povu. Utasikia hewa ikipita kwenye egzosi, hiyo ni kawaida, inapita kwenye vali zilizo wazi. Tafuta povu la nje.

Moshi ni bora zaidi kuliko sabuni kama una namna ya kuuingiza. Chetezo cha udi kitanukisha injini vizuri lakini hakisukumi moshi, usijisumbue.

Sasa hilo joto la 67. Fungua nyumba ya thamostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) utazame ndani. Nadhani ni tupu. Mafundi wetu wameitoa kwenye gari nyingi kwa hofu ya kuchemsha. Thamostati ya 1NZ inaanza kufunguka nyuzi 80 hadi 84. Chini ya hapo kompyuta inadhani injini bado inapata moto na inaendelea kuongeza mafuta ya ubaridi. Siyo iliyoleta 25, lakini ndiyo inayokula petroli yako, na oili haipati moto wa kukausha maji yake.

Kijana_wa_Fuoni

Mzee, lakini bila thamostati gari haichemshi, si ndiyo salama kwa joto letu?

MzeeWaSpana

Gari inayochemsha na thamostati nzima ina rejeta iliyoziba, feni isiyowaka, au maji ya kisima yenye chumvi yaliyoila kwa ndani. Ukitoa thamostati umeficha hilo, hujaliondoa. Kabla ya kufunga mpya itie kwenye sufuria ya maji na uyachemshe: lazima ifunguke kabla maji hayajatokota, na ifunge yakipoa. Ukifunga, kile kichuma kidogo kinachochezacheza kikae juu ili hewa ipite. Jaza kulanti, washa hita ya ndani kwenye joto la mwisho, acha injini ifanye kazi mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yaishe. Mfuniko usiufungue injini ikiwa ya moto.

Baharia_Mkoani

Nakubali, MAF niliisingizia. Tibirinzi, thamostati na mpira wa PCV ukivikosa Chake, mpigie mtu wa Mwanakwerekwe, Unguja, avitie kwenye boti, unavichukua Mkoani. Mtumie picha ya sahani ya modeli ya gari, usimwambie "ya IST" tu. Zipo za 1.3 na za 1.5.

Tibirinzi_IST

Povu limeonekana. Mpira wa PCV, kwenye kona, upande wa chini. Kwa juu ni mzima kabisa, nilipoukunja ukafunguka kama mdomo, urefu wa sentimita mbili. Umekauka kama gamba. Nyumba ya thamostati ilikuwa tupu kama mzee alivyosema, hata gasketi haikuwamo, waliweka gundi ya silikoni.

Sensa: ile ya mtumba inaonyesha 1 peke yake. Ya zamani niliyoikuta kwenye kopo inasoma 13.9, ncha zenyewe zikisoma 0.5. Yaani nilivua nzima nikafunga mbovu!

Nimerudisha sensa ya zamani, thamostati mpya imefungwa, na PCV nimeweka kipande cha mpira wa maji kwa sasa. Kosa limefutwa. Nimeendesha siku sita, nimekwenda Wete na Mkoani. Leo tumesoma tena: joto la maji 86, MAF 1.9, sailensi STFT +1, LTFT +4. Sailensi imesimama 700. Nilipounganisha 4 na 13 inapepesa mfululizo bila kupumzika. Taa haijarudi. Mafuta bado sijapima.

Sensa niliikaza kwa mkono na spana, sina ile ya kupimia nguvu. Kuna ubaya?

bint_umeme

Kipimo chake ni Nm 44. Kwa spana ya kawaida ni kukaza mpaka gasketi yake ikae, kisha unaongeza kidogo tu. Kwenye nyuzi zake za kukazia unaweza kupaka dawa ya kuzuia kutu ya joto kali, lakini isiguse ncha yenye vitundu. Hakikisha waya haugusi egzosi, ufunge kwenye klipu yake ya asili. Na hiyo silikoni ya thamostati kwangua yote. Mvuke wa silikoni ya kawaida ikivutwa na injini huua sensa za oksijeni, mafundi wakija kufunga kitu kwenye manifodi wakatalie.

Vali ya PCV yenyewe uliitazama? Itikise sikioni, lazima ilie kama kijiwe ndani ya kopo. Puliza upande wa injini, hewa ipite bila taabu. Puliza upande wa manifodi, ipite kwa shida. Ikiwa imeganda na ukoko wa oili, ibadilishe pamoja na mpira.

MzeeWaSpana

Huo mpira wa maji utoe wiki hii hii. Haustahimili oili. Mvuke wa kwenye kifuniko cha vali utaulainisha, kisha mvuto wa manifodi utaubana mpaka ushikane kuta zake, na hapo hewa chafu ya injini haina pa kutokea, itaanza kusukuma oili kwenye sili. Nunua wa kuvumilia mafuta, umeandikwa ubavuni. Kama hupati wenye kona yake, chukua ule wa zamani uende nao dukani mkononi, upime tundu la ndani kwa tundu, na uwe mrefu kidogo ili upinde bila kujikunja.

Tibirinzi_IST

Vali inalia. Mpira nimeshauagiza, unakuja na boti ya Alkhamisi.